Gari la meneja liko uani, kikao hakijaanza

SAFU YA USHAURI: KAZINI

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Niko kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, upande wa Njiro, kitengo cha kushika nafasi za hoteli na kulipia vibali vya hifadhi. Ukiwatoa madereva, ofisini tuko 12. Tuna vikao viwili kwa wiki: Jumatatu saa 2:30 asubuhi na Alhamisi saa 10:00 jioni. Jumatatu meneja anaingia kikaoni kama saa 3:10. Alhamisi tunaanza saa 10:50, siku nyingine saa 11 kabisa.

Kinachoniuma ni kwamba yupo. Jumatatu gari lake liko uani tangu saa 2:05, mlango umefungwa, anajibu barua pepe za wageni. Alhamisi yuko kwenye simu na mawakala wa Marekani. Sisi tumekaa kwenye viti tunatazamana, na madereva wako nje wanasubiri karatasi zao. Wiki chache zilizopita kibali cha Tarangire kilikuwa hakijalipiwa kwa sababu aliyepaswa kulipia alikuwa kwenye kiti hicho hicho anasubiri. Gari lilifika getini, wageni wakakaa juani.

Mkataba wangu ni Jumatatu hadi Ijumaa saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni na saa moja ya chakula, Jumamosi hadi saa 7 mchana. Alhamisi natoka saa 12. Mtoto yuko kwa mlezi Kijenge na anatakiwa kuchukuliwa kabla ya saa 11:30, kwa hiyo naacha vifodi (daladala) napanda bodaboda na bado nachelewa.

Tumewahi kuweka faini ya shilingi 2,000 kwa anayechelewa. Sisi tunalipa, yeye hapana. Si mtu mbaya, ni mzee wa heshima na anatusaidia tukiwa na shida, ila kumwambia usoni hakuna anayethubutu. Mwenzangu amependekeza tuwe tunamwambia kikao ni saa 2 kamili ili aje saa 2:30. Nifanye nini bila kuonekana nina dharau?

Aliyechoka kusubiri, Njiro

JIBU

Dada wa Njiro, pole na kusubiri.

Barua yako ina kitu ambacho wengi wanaolalamikia wakubwa wachelewaji hukiruka: umetaja meneja anakuwa wapi wakati mnamngoja. Kazini anawahi. Shida yake ni kutoka mezani. Na siku zenu mbili hazifanani hata kidogo. Jumatatu anashikwa na barua pepe, Alhamisi anashikwa na simu. Mkizitibu kwa dawa moja, siku moja itapona na nyingine itabaki pale pale.

Tuanze na Alhamisi kwa kuwa ndiyo rahisi. Msimu wenu mkubwa ni Juni hadi Oktoba. Miezi hiyo New York iko nyuma yetu kwa saa 7, kwa hiyo saa 10 jioni ya Arusha ni saa 3 asubuhi kwao. Ofisi zinafunguliwa, wakala anakaa mezani, simu ya kwanza anampigia bosi wako. Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani hurudisha saa zao nyuma na tofauti inakuwa saa 8, mpaka Jumapili ya pili ya Machi. Katika miezi hiyo saa 3 yao ni saa 11 jioni yetu, yaani wakati ambao kikao chenu kingetakiwa kwisha. Aliyepanga saa 10 jioni alikipanga kikao mlangoni pa simu. Meneja yeyote anayeishi kwa wageni wa Marekani angechelewa hapo, hata angekuwa mwanajeshi.

Ombeni kikao cha Alhamisi kihamie saa 8:10 mchana. Saa 8 mchana ya Arusha, London ni saa 6 mchana wakati wao wa kiangazi na saa 5 asubuhi wakati wa baridi, wengi wako kwenye shughuli zao au wanaelekea chakula. New York ni saa 1 asubuhi au saa 12, ofisi bado zimefungwa. Siku nzima hamtapata tundu lingine tulivu kama hilo. Dakika 10 za ziada ni za watu kurudi kutoka kula, kwa sababu kikao kinachopangwa saa 8 kamili wakati chakula nacho kinaisha saa 8 kamili kimeshachelewa kabla hakijaanza. Watu watakuwa wameshiba na usingizi upo, hilo tunalijua. Mmoja kusinzia dakika 10 ni nafuu kuliko 12 kungoja dakika 50.

Ombi hilo halimgusi meneja kama mchelewaji. Linagusa saa za Marekani. Mtu anayefaa kulipeleka ni yule ambaye tayari huongea naye habari za ratiba, awe mhasibu au katibu wake, na alipeleke kwa maneno ya kawaida: "Mzee, Alhamisi saa 10 ndiyo mawakala wanafungua ofisi na wanakuhitaji. Tunaomba kikao tukihamishie saa 8:10 mchana ili simu zisikukate." Atakubali, kwa sababu mnamwondolea kero yake mwenyewe.

Jumatatu ni ngumu zaidi. Mgeni anayepanga safari ya familia hufanya hivyo akiwa nyumbani, Jumamosi jioni na Jumapili, na maswali yote yanamkuta meneja asubuhi ya Jumatatu. Kila barua anayoifungua inamwambia "nijibu mimi kwanza". Kumhamisha saa haitoshi hapa. Inabidi kikao kisimtegemee yeye ili kianze.

Chukueni ajenda za Jumatatu nne zilizopita, kaeni na msimamizi wa safari, mpitie moja moja mkijiuliza: hili lilihitaji uamuzi wa meneja, au lilihitaji sisi tupeane habari tu? Kwa ofisi za utalii jibu huwa karibu lile lile. Magari yapi yanatoka wiki hii na dereva ni nani, wageni gani wanapokelewa uwanja wa ndege wa KIA na ndege saa ngapi, kibali kipi kimelipiwa na kipi bado hakijapewa kumbukumbu namba ya malipo, hoteli ipi haijathibitisha, mgeni gani hali nyama: hayo ni ya kupeana habari. Bei, punguzo, kumrudishia mgeni fedha, kubadili ratiba kwa namna inayoongeza gharama, na masuala ya nidhamu ya mfanyakazi: hayo ni ya meneja.

Sasa mna vikao viwili ndani ya kimoja, vigaweni. Cha kwanza kinaanza saa 2:30, dakika 15, wote wamesimama, na ikiwezekana kifanyike uani karibu na magari ili madereva wasikie moja kwa moja badala ya kungoja karatasi. Anaongoza msimamizi wa safari. Cha pili ni cha maamuzi, na hicho kipangeni saa 3:15. Wanaingia wanaohusika tu, pengine wanne au watano. Wengine wanarudi kazini, na aliyepaswa kulipia kibali cha Tarangire anakuwa na dakika 30 za kukilipia.

Kuna watakaosema saa 3:15 ni kumzawadia mchelewaji. Hatukubaliani nao. Meneja alikuwa anafika saa 3:10 hata hivyo. Mnachobadilisha ni nyinyi mnafanya nini kabla hajafika. Pigeni hesabu: watu 12 kwa dakika 40 za Jumatatu ni dakika 480, yaani saa 8, siku nzima ya kazi ya mtu mmoja. Alhamisi, 12 kwa dakika 50 ni dakika 600, saa 10. Jumla saa 18 kwa wiki. Hesabu hii ni yenu ya kujua uzito wa jambo. Usiisome mbele yake kikaoni, maana mzee akihesabiwa dakika zake mbele ya watoto wake wa kazi hatasikia hoja, atasikia kuvuliwa nguo.

Ukitaka kumbukumbu ambayo haimchokozi mtu, mnayo tayari. Muhtasari wowote wa kikao ulioandikwa vizuri huanza na kufungua kikao: "Mwenyekiti alifungua kikao saa 3:12 asubuhi." Ofisi nyingi huandika saa iliyopangwa badala ya saa halisi, kwa adabu. Acheni adabu hiyo. Katibu aandike saa halisi ya kufungua na saa halisi ya kufunga, kila mara, bila neno la ziada na bila kutaja nani alisubiriwa. Baada ya wiki sita mtu yeyote anayepitia "yatokanayo na kikao kilichopita" ataliona mwenyewe. Hapo hapo angalieni Novemba hadi Machi: ikiwa Alhamisi za miezi hiyo anawahi kidogo, mjue mmeshika mzizi.

Kuhusu saa, kuna tatizo dogo linaloharibu ofisi nyingi zinazoandikiana na wageni. Kalenda ya simu haijui saa za Kiswahili. Mtu akiandika 2:30 inajiweka usiku wa manane au alasiri, kengele haimlilii mtu asubuhi. Kwenye kalenda wekeni 08:30, kwenye ujumbe andikeni zote mbili: "saa 2:30 asubuhi (08:30)". Na kikumbusho kimfikie meneja dakika 15 kabla. Cha dakika 5 kinamkuta katikati ya sentensi na anasema "nakuja". Kikumbusho kitaje kazi yake: "Saa 3:15 kuna maamuzi matatu: punguzo la kundi la watu 14, fedha za mgeni aliyeahirisha, gari la kukodi la Ijumaa." Maamuzi yenyewe yawe kwenye karatasi moja mezani kwake tangu saa 2:45, kila moja mistari miwili na pendekezo lenu. Mtu mwenye barua 40 hainuki kwa ajili ya "kikao". Huinuka kwa ajili ya fedha za mgeni.

Asipokuja saa 3:15? Hapo panahitaji kanuni iliyoandikwa na kukubaliwa naye mapema. Tunapendekeza: dakika 10 zikipita, msimamizi wa safari anafungua na kuanza na yasiyohitaji uamuzi. Dakika 25 zikipita, wanaohusika wanarudi kwenye kazi zao na karatasi ya maamuzi inapelekwa ofisini kwake asaini uamuzi mmoja mmoja. Mwombeni kibali cha kanuni hiyo kwa kisingizio ambacho ni kweli: madereva lazima watoke.

Jueni kanuni hii huvunjikia wapi. Mara ya kwanza meneja ataingia dakika ya 18 akute mmeendelea. Wote mtanyamaza, na mtu mmoja mwenye heshima sana atasema, "Mzee karibu, labda turudie kidogo." Mkirudia, mmemfundisha kwamba akichelewa hapotezi chochote. Katibu ampe sentensi moja tu, "Karibu mzee, tumemaliza gari la kukodi, tuko kwenye punguzo", na kikao kiendelee. Apewe kiti chake na heshima yake yote. Kinachokataliwa ni marudio.

Mahali pa pili ni msimamizi mwenyewe. Siku moja, kwa joto la kuongoza, atakubali punguzo ambalo si lake kukubali. Siku hiyo ndiyo mwisho wa kanuni, kwa kuwa meneja atakuwa na sababu nzuri ya kusema msianze tena bila yeye. Yale matano ya meneja tuliyoyataja juu, yaandikwe na kubandikwa. Na kikao kikianza kwa wakati, hatari inahamia mwisho, kwenye "mengineyo". Mwenye lengineyo alifikishe kwa katibu siku moja kabla. Lililozuka hapo hapo lisubiri Alhamisi.

Mapendekezo ya mwenzako ya kumdanganya saa tumeyaona sehemu nyingi. Hufanya kazi mara mbili. Mara ya tatu anafika saa 2 kamili kwa bahati mbaya, anakuta chumba kitupu, na kuanzia siku hiyo kila saa mtakayomtajia ataiongezea nusu saa kichwani mwake. Vivyo hivyo mafumbo kwenye kundi la WhatsApp la ofisi na picha za saa ya ukutani kwenye status. Anayelengwa ataona, na atakayeumia ni wewe.

Faini ifuteni. Inayowalipisha wadogo na kumwacha mkubwa inawafundisha watu ukubwa ni nini, haiwafundishi kuwahi. Halafu kama mhasibu anaikata kwenye mshahara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 28, inazuia makato yasiyotokana na sheria, mkataba wa pamoja, amri ya mahakama au uamuzi wa usuluhishi, au ridhaa ya maandishi ya mfanyakazi kuhusu deni lake.

Tumeifikia sheria, basi tuseme na la saa 12 jioni. Sheria hiyo hiyo inaweka ukomo wa kawaida wa saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku. Mkataba wako: saa 8 kwa siku mara siku 5 ni 40, ongeza 5 za Jumamosi, 45 kamili. Huna hata dakika ya akiba. Saa moja unayokaa Alhamisi baada ya saa 11 ni muda wa ziada. Muda wa ziada huhitaji makubaliano, hauzidi saa 50 kwa kila wiki nne, na hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kupata mshahara wa saa kutoka wa mwezi, gawa kwa 4.333 mara saa zako za wiki: 4.333 mara 45 ni kama 195. Anayelipwa shilingi 585,000 ana 3,000 kwa saa, na saa ya ziada ni 4,500. Wasimamizi wanaowaongoza wengine kwa niaba ya mwajiri na kuripoti kwa uongozi wa juu hawaguswi na masharti haya ya saa, kwa hiyo msimamizi wenu wa safari asidai kwa hesabu hii bila kuulizia kwanza.

Je, uanze na hilo? Hapana. Anayedai 4,500 za Alhamisi kabla hajaomba kikao kihamishwe atalipwa, na kikao kitabaki saa 10 jioni. Omba muda kwanza. Kikihamia saa 8:10, dai limekwisha lenyewe. Ikipita wiki sita bila mabadiliko, mwandikie mhasibu barua fupi ya kuomba malipo ya muda wa ziada, ukitaja tarehe na saa ya kufunga kama ilivyo kwenye muhtasari. Muhtasari ni wa ofisi, umesomwa na kuthibitishwa na mwenyekiti mwenyewe, kwa hiyo hakuna atakayesema umetunga. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, lakini kwa jambo la saa moja la Alhamisi itashangaza mkifika huko.

Mpangilio wa hatua zako basi: wiki hii zungumza na msimamizi wa safari, nyinyi wawili tu, kuhusu ajenda za Jumatatu nne. Wiki ijayo mhasibu apeleke ombi la Alhamisi. Likikubaliwa, subirini wiki mbili ndipo mlete kikao cha uani cha Jumatatu. Mkipeleka yote siku moja yataonekana ni mgomo.

Na Alhamisi hii, ambayo bado kikao kiko saa 10, mwone meneja kabla ya saa 9 alasiri, kabla simu hazijaanza, usingoje saa 11 uanze kutazama mlango. "Shikamoo mzee. Leo saa 11:10 nitaomba kutoka, nina mtoto wa kumchukua Kijenge. Taarifa yangu ya hoteli nimemwachia katibu, imekamilika." Karatasi hiyo iwe kweli imekamilika, na jina la atakayejibu maswali yake liwe juu yake.